Kalamu za bata bukini kwa siku ya Mtakatifu Cuthbert

Ukitaja Mtakatifu Cuthbert, mtawa na askofu wa Lindisfarne wa karne ya 7, kila mtu anakuelekeza mjini Durham kwenye kaburi lake. Inaniudhi. Watawa wa Lindisfarne walipoondoka kisiwani mwaka 875 kwa hofu ya Waviking, walilibeba jeneza lake wakahangaika nalo miaka, na mwaka 883 wakatua hapa ninapoishi, Chester-le-Street, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Alikaa kwetu zaidi ya miaka mia moja. Na ni hapa, katika karne ya 10, padri Aldred alipoichukua Injili ya Lindisfarne, kitabu cha Kilatini kilichoandikwa kwa mkono, akaandika Kiingereza katikati ya mistari, tafsiri ya Injili ya Kiingereza kongwe kuliko zote zilizobaki. Basi majirani walipopanga siku ya kuishi kizamani kwa ajili ya sikukuu yake, tarehe 20 Machi, nikasema meza ya waandishi ni yangu.

Wino haukunisumbua: vivimbe vya mwaloni, salfeti ya chuma, na gundi ya mgunga, ileile tuliyokuwa tukiibandua mitini utotoni Dodoma.

Kazi ilikuwa kalamu. Tulishauriwa tununue manyoya ya mapambo, yale ya rangirangi. Pauni kadhaa zikapotea. Ncha zilikuwa laini, zikitanuka kama brashi na kumwaga wino wote kwenye herufi ya kwanza. Nikamwendea mfugaji aliyechinja bata bukini wa Krismasi, akanipa gunia zima bure. Hilo lilinipa amani pia, kwani inasimuliwa kwamba Cuthbert aliwakinga ndege wa visiwa vya Farne, karibu na Lindisfarne, wasidhuriwe, na sikutaka ndege auawe kwa ajili ya sherehe yake.

Unyoya mbichi lazima ukaushwe kwa mchanga wa moto. Mshauri mwingine akasema mchanga uchemke mpaka utoe moshi. Loo! Manyoya yakajikunja, yakaungua, nyumba ikanuka nywele zilizoungua mpaka kesho yake. Jioni nikampigia mama.

"Mwanangu, karanga hukaangi hivyo," akasema. "Tia punje ya bisi kwanza. Ikipasuka papo hapo, moto umezidi, epua."

Nikafanya hivyo. Manyoya nililaza majini usiku kucha, asubuhi nikakata ncha. Mchanga ulipokuwa mkali lakini bisi imetulia, nikayachomeka. Pale pale bomba la unyoya, lililokuwa jeupe kama maziwa, likawa angavu, la manjano kidogo, gumu kama ukucha. Nikaligonga mezani likalia. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni! Halafu yakwangueni yale manyoya ya pembeni. Kalamu yenye madoido yote ni ya picha, mkononi inakera.

Siku yenyewe watoto walivaa nguo za kahawia wakawa fisi maji, wale ambao Beda, mtawa na mwanahistoria wa zamani, anasimulia walimpangusa Cuthbert miguu alipotoka kusali baharini. Chakula kilikuwa uji wa shayiri, nafaka aliyojilimia mwenyewe kisiwani Farne, na vitunguu. Mtu alikuja na sufuria ya viazi. Nikamwomba kwa heshima airudishe, viazi vilitoka Amerika karne nyingi baadaye. Kwenye meza yangu foleni haikukatika. Bibi mmoja wa hapahapa, aliyezaliwa na kukulia mtaa wa kanisa, hakuwahi kusikia jina la Aldred. Aliandika mstari wa Aldred wa Kiingereza chini ya Kilatini, polepole, ulimi nje, akauomba aende nao nyumbani.

Shule ya jirani sasa inataka kalamu za darasa zima. Nimeshamwambia mfugaji aniwekee mabawa yote mawili: anayeandika kwa mkono wa kulia anafaa unyoya wa bawa la kushoto, uliopinda kumkwepa, na wa shoto apewe wa bawa la kulia.