Stili waya na bunduki ya shabaha

Mwaka 2009 nilikuwa mbeba mizigo kwenye nyumba moja ya mnada kule Midlands, Uingereza. Tulihamisha makabati, saa za ukutani, piano zisizopigika, na mara chache bunduki kongwe. Bunduki zilikuwa chini ya mzee mmoja, fundi mstaafu, mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Alhamisi moja akaniwekea mezani bunduki ya shabaha, akanipa kitambaa na kichupa cha mafuta. "Pangusa vumbi," akasema. "Vumbi tu."

Ilikuwa BSA, yaani ya kampuni ya Birmingham Small Arms, ya mtambo uitwao Martini, ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, inayotumia risasi ndogo za .22. Magazini haina. Unavuta chini wenzo ulio nyuma ya triga, pande la chuma ndani linainamisha kichwa, nyuma ya mtutu panabaki wazi. Unatia risasi moja kwa kidole, unarudisha wenzo: klak! Ukitaka nyingine, unaanza upya. Na ilikuwa nzito, jamani. Kuishika kidogo tu, mkono wangu wa kushoto ukaanza kutetemeka.

Siku hiyo mzee alikuwa na maneno. Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, akasema, viliwaonyesha Waingereza jinsi walivyozidiwa kulenga. Lord Roberts, jemadari wao, akazipigia debe klabu za shabaha za wafanyakazi, chama chao kikaundwa 1901, na watu wakitoka kazini wakawa wanalenga ndani ya kumbi, yadi 25, kwa risasi za bei chee. Kwa hiyo bunduki za namna hii zilitengenezwa nyingi. Adimu ni ile ambayo hakuna aliyeichokonoa. Hii ilikuwa na kitundu chake cha kulengea cha asili, mihuri ya ukaguzi ya Birmingham, na rangi ya kwanza ya chuma, iliyogeuka kahawia kama ganda la ukwaju.

Nikaigeuza. Ubavuni palichorwa bunduki tatu zilizoegemezana vichwa, kama kuni za kuotea moto.

"Baiskeli ya babu!" Ikanitoka kwa Kiswahili.

Babu yangu, Muheza, alikuwa na BSA aliyobebea magunia ya machungwa, na alama hiyo ilikuwa pale mbele, chini ya usukani. Nilipomweleza mzee, akacheka. Kampuni ni ileile, ya Small Heath, Birmingham. Ilianza na bunduki mwaka 1861, baiskeli zikaja baadaye. Novemba 1940 mabomu ya Wajerumani yalikipiga kiwanda kile, wafanyakazi 53 wakafa. Kisha akanyamaza, akaenda kuchemsha maji.

Kwetu, kila Idi ilipokaribia, wajukuu tuliisugua ile baiskeli kwa jivu na mchanga mpaka ukajiona usoni mwake. Alama yenyewe tuliimaliza kwa kusugua, na babu alifurahi kweli. Sasa nikaona kidoa cha kutu, kidogo kama punje ya mtama, kando ya zile bunduki tatu. Kwenye sinki kulikuwa na stili waya. Nikapitisha mara mbili tu.

Chuma kikatoka cheupe pe, upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mzee akarudi na vikombe viwili. Hakunifokea, afadhali angefoka. Aliweka vikombe, akavaa miwani, akainama muda mrefu. "Hiyo uliyoitoa imekaa karibu miaka mia," akasema. "Hairudi." Akachukua fomu ya maelezo, akaongeza mstari mmoja: imesuguliwa ubavuni. Chai yangu akanisogezea.

Siku ya maonyesho, kabla ya mnada, wakaja wakusanyaji na vitochi vyao. Mmoja akaishika bunduki ile kama anayepokea mtoto mchanga. Akachungulia mtutu, akafungua wenzo, akafunga, akatabasamu. Halafu akaigeuza. Tochi ikasimama palepale. Akapitisha ukucha, akaandika neno kwenye daftari, akairudisha mezani.

Nilikuwa nimebeba viti vinne. Nikavipeleka ukumbini.