Moli na gramu: nilivyoelewa nikiuza dagaa Kirumba

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Mwanza, swali lililonitesa kwenye kemia lilikuwa moja: nizidishe au nigawanye? Fomula nilikuwa nayo kichwani. Ukitaka moli, kipimo cha wanakemia cha wingi wa chembe, chukua gramu ugawanye kwa uzito wa moli moja. Lakini swali likigeuzwa, likaanza na moli na kutaka gramu, nilibaki nabahatisha. Siku moja tuliulizwa moli 0.25 za sodiamu haidroksaidi ni gramu ngapi. Nikaandika 0.00625. Nikakosa, na sikujua nimekosea wapi.

Jumamosi nilikuwa namsaidia mama kuuza dagaa mwaloni, Kirumba. Mteja akataka kilo tano. Mama akamimina dagaa kwenye sinia la mizani, akaongeza konzi moja, akapunguza kidogo, mshale ukatulia.

"Mama, hapa kuna dagaa wangapi?"

"Nani ahesabu dagaa, mwanangu? Unapima tu."

Jibu hilo nilirudi nalo nyumbani. Atomu nazo hakuna awezaye kuzihesabu moja moja, kwa hiyo wanakemia wakaweka fungu lao, moli, lenye chembe 6.022 × 10²³. Idadi hiyo haibadiliki, iwe chumvi, iwe maji. Kinachobadilika ni uzito wa fungu. Dagaa kumi na sangara kumi idadi yao ni moja, ila dagaa utawashika kiganjani, sangara utatafuta mtu wa toroli.

Jioni hiyo nilichukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo jikoni. Chumvi ni NaCl, na uzito wa atomu ni huu: sodiamu 23, klorini 35.5, kwa hiyo moli moja ni gramu 58.5. Nikagawanya 500 kwa 58.5, nikapata kama moli 8.5. Kisha sukari, kilo nzima. C₁₂H₂₂O₁₁ ni 144 na 22 na 176, jumla 342. Elfu moja gawanya kwa 342: moli 2.9. Nilirudia hesabu mara mbili, maana pakiti ndogo ya chumvi ilikuwa na mafungu karibu mara tatu ya yale ya kilo ya sukari! Chembe ya sukari ni nzito, basi kilo inaisha upesi. Hapo ndipo moli iliponiingia.

Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa kikokotoo naandika mstari mmoja wa uzito wa moli moja. Kwa ile sodiamu haidroksaidi, NaOH, ni 23 na 16 na 1: moli 1 = gramu 40. Moli 0.25 ni robo, na robo ya 40 ni 10. Jibu la 0.00625 lisingeweza hata kutikisa mizani.

Kosa lililobaki lilikuwa la kujumlisha uzito wenyewe. Gesi ya oksijeni ni O₂, kwa hiyo ni 32, si 16. Na mrututu, ile salfeti ya shaba ya bluu, hubeba maji ndani ya fuwele zake: CuSO₄ peke yake ni 159.5, lakini ukiongeza molekuli tano za maji inafika 249.5. Tulipoambiwa maabara tupime moli 0.1 ya fuwele hizo, nilipima gramu 25. Mwenzangu wa meza moja alikuwa ameshapima 16, tukaongeza pamoja kijiko kwa kijiko hadi ikafika.