Ninavyowaandaa wanafunzi wenye ualbino kwa kidato cha kwanza

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi Moshi Vijijini. Wanafunzi wangu wenye ualbino wana uoni hafifu, na mwanga mkali huwaumiza macho. Huku tumeshawazoea, tunajua nani akae wapi. Wakifika sekondari, kila kipindi cha dakika 40 kinaingia na mwalimu mwingine, masomo yamegeuka Kiingereza, na ubao unajazwa kimyakimya. Mtoto anabaki kunakili kwa jirani. Mtihani wa kwanza ukitoka, anaambiwa ni mzito wa kuelewa. Inaniuma sana, maana namjua.

Kwa hiyo majina ya waliochaguliwa yakishatoka, naenda na mzazi na mtoto kwenye shule aliyopangiwa, kabla ya Januari. Tukishamsalimu mkuu wa shule, namtafuta mwalimu wa taaluma, kwa sababu ratiba na mitihani iko mikononi mwake. Namkabidhi karatasi ya ukurasa mmoja niliyoiandika pamoja na mtoto: akae mbele, mbali na dirisha linalopiga jua, mwalimu ayasome kwa sauti anayoyaandika, aruhusiwe kusogelea ubao, mitihani ichapwe kwa herufi kubwa, aongezewe dakika 10 kwa kila saa, na 20 kwenye Hisabati, kama Baraza la Mitihani linavyofanya. Hapo kwenye muda ndipo maswali huwa mengi. Mwalimu mmoja aliniuliza, “Kumbe ni haki yake?” Ndiyo, mwalimu, ni haki yake.

Jambo la kofia pana na mikono mirefu nalisema waziwazi, mzazi akiwepo, ili mtoto asije akavuliwa kofia paredi kwa kosa la sare, wala asipangiwe kufyeka majani saa sita mchana.

Lakini karatasi haiongei darasani. Mtoto mwenyewe lazima aweze kusema, “Mwalimu, sioni, naomba unisomee,” na aseme kwa Kiingereza, kwani shule nyingine Kiswahili ni marufuku na mtoto huamua kunyamaza. Tunalifanyia mazoezi hilo muhula mzima wa mwisho, mbele ya wenzake, mpaka sauti iache kutetemeka.

Akiwa wa bweni, mafuta ya kukinga jua, yale ya Kilisun yanayotengenezwa hapahapa Moshi, tunamwonyesha matroni, pamoja na tarehe ya kliniki ya ngozi. Mwezi wa tatu nampigia simu mwalimu wa taaluma. Nikisikia bado anakaa nyuma, narudi.