Ijumaa ya kung'oa figili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kiamunyi bado kuna giza na baridi ya kukata masikio. Navaa gambuti na sweta ya mume wangu, nabeba tochi, karai na kisu, natoka nyuma ya nyumba. Shamba lenyewe ni la hatua kumi na mbili kwa nane, limebanwa kati ya tangi la maji na banda la kuku. Lakini leo ni Ijumaa, na figili ikishafika siku yake haimngoji mtu.

Figili ndiyo radishi. Watu wengi hapa Nakuru wanaijua ile nyeupe ndefu ambayo Wahindi huita muli. Mimi nalima za rangi. Kuna Cherry Belle, nyekundu na ya mviringo, ambayo huwa tayari kwa siku 25 hivi. Kuna French Breakfast, ndefu kidogo, nyekundu yenye ncha nyeupe. Easter Egg ni mbegu za mchanganyiko: zambarau, pinki, nyeupe na nyekundu pakiti moja, na hujui umepanda ipi mpaka mabega yaanze kuchungulia juu ya udongo. Watermelon na Black Spanish ndizo za wenye subira, miezi miwili hivi.

Siangalii kalenda pekee. Nafukua udongo kwa kidole pale shingoni mwa mche, na nikiona upana wa sarafu ya shilingi ishirini, nang'oa. Zikitoka na baridi ya usiku huwa ngumu, zinalia "kach" ukizivunja. Nikichelewa hadi saa nne, majani yameshalala.

Saa moja. Chai, sare za shule, kiatu kimoja kimepotea. Tupite.

Saa mbili naosha kwa ndoo tatu, ya mwisho maji safi kabisa. Za sokoni nafunga nane nane na majani yake, nikichanganya rangi, kwa sababu fungu la rangi moja halisimamishi mtu. Za hoteli nakata majani, nabakisha kikonyo kifupi. Majani yakibaki yanaendelea kunyonya maji ya figili, na jioni utakuta imelegea kama puto la juzi.

Saa tatu na nusu niko kwenye matatu, gunia miguuni. Pale Top Market namwachia mama mboga wangu mafungu kumi na tano. Hapo mwanzo alinicheka. "Mama Wairimu, umeniletea maua ama mboga?" Siku hizi anayapanga mbele kabisa, juu ya sukuma wiki, yavute macho. Mteja wake mmoja Mhindi bado anataka ile nyeupe tu, na lazima iwe na majani mabichi maana anayapika pia. Ana haki. Sisi ndio tunayatupa bure.

Saa tano na nusu, mlango wa jikoni wa hoteli moja mjini. Hapa nina kidonda. Mwezi uliopita waliagiza kilo nne za Ijumaa, kisha Alhamisi usiku wakapiga simu: leta Jumatatu. Nikaziacha ardhini, nikidhani zitakaa salama. Kulikuwa na kiangazi cha wiki nzima, halafu Jumamosi mvua ikashuka kwa ndoo. Figili iliyozoea ukavu ikinywa maji mengi ghafla hupasuka, na nusu yake zilipasuka kutoka shingo hadi mkia. Zilizobaki nilizikata nikakuta ndani ni sponji, nyepesi, hazina maji. Walizikataa zote. Kuku wangu walikula vizuri wiki ile. Tangu hapo nadai nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla sijang'oa, na hata mpishi anakubali kwamba ni haki.

Leo mambo yako sawa. Anachukua Watermelon moja, kwa nje rangi ya kabichi iliyofifia, ungedhani ni kitu cha ng'ombe. Anaikata katikati: pinki kali, imezungukwa na ukanda mweupe. Anakamulia limau na ile pinki inazidi kuwaka palepale. Vijana wa jikoni wanaacha visu wanakuja kutazama.

Saa nane nimerudi. Jua la Nakuru saa hizi si la kuinama shambani, kwa hivyo nakula na kulala kidogo. Sioni aibu kusema hivyo.

Saa kumi naanza kupanda. Kila Ijumaa napanda mistari miwili kujaza nafasi ya iliyong'olewa, ndiyo maana sikosi. Mbegu inaenda moja kwa moja ardhini, kina cha sentimita 1, hakuna kitalu. Mistari ya juma lililopita naipunguza mpaka mche na mche viachane sentimita 5. Kazi hii inauma moyo, kung'oa mche mzima wenye afya, lakini zikisongamana utavuna majani matupu. Samadi nayo nimejifunza kwa machungu. Msimu wangu wa kwanza nilimwaga mbolea mbichi ya kuku, majani yakanifika magotini, na chini yake mizizi kama mikia ya panya. Sasa naweka mboji iliyooza vizuri, kidogo. Miche michanga naifunika kwa neti kuukuu, maana kuna vidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto na kutoboa majani yakawa chujio.

Shosho wa jirani anachungulia juu ya ua, anaona Black Spanish kwenye karai.

"Hizi zimeungua ama zimeoza?"

Namkatia moja. Ndani nyeupe pe. Anaitafuna na ganda lake kabla sijamwonya, anakohoa, machozi yanamtoka, anacheka. Ukali wa figili ni ndugu ya ule wa haradali, na mwingi umo kwenye ganda. Namwambia aimenye, aitie kwenye mchuzi wa nyama, ukali utaondoka wenyewe. Anaondoka na tatu chini ya leso, akisema ni za kumpima mzee.

Saa moja usiku, ugali na miche niliyopunguza, imekaangwa na kitunguu. Kando kuna kachumbari ya figili nyekundu kwenye siki, na siki yenyewe imegeuka pinki. Wairimu anachovya ugali humo, mimi najifanya sioni.

Kabla ya kulala anataka tochi. Nilimwachia Easter Egg moja pembeni ya tangi, shingo imefunikwa kwa udongo ili asichungulie. Tumewekeana shilingi kumi. Yeye amesema zambarau, mimi nyeupe. Anashika majani kwa mikono miwili, anavuta, anaanguka matako chini.

Nyekundu.