Nilivyoiona Nebula ya Kaa kutoka Kapchorwa

Aliyeniuzia darubini Kampala alinihakikishia kwamba mabaki ya nyota iliyolipuka, kama Nebula ya Kaa, hayaonekani bila ukuzaji mkubwa, nami nikaongeza elfu tisini hivi nipate lenzi ya kutazamia ya milimita 4, juu ya milioni moja na ushei niliyokwisha kulipa. Ushauri ule ulinila usiku nane. Darubini yangu ina kioo cha milimita 150 na urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kioo hadi nuru inapokutana, wa milimita 750; ukigawa 750 kwa 4 utaona lenzi hiyo hukuza mara 187, na kitu kilichofifia namna ile kikikuzwa kiasi hicho, nuru yake hutawanyika hata isitofautike na weusi wa mbingu.

Usiku wa sita nilishangilia. Wingu jeupe lilikuwa limetulia katikati ya lenzi, nikamwita mke wangu aache ugali jikoni aje ashuhudie. Aliinama, akatazama, akasema, "Baba Chebet, mbona linapungua?" Lilikuwa likipungua kweli, kwa kuwa lilikuwa pumzi yangu iliyotanda juu ya lenzi kwa baridi ya Mlima Elgon, nayo ilikuwa ikikauka. Mwanaastronomia Mfaransa Charles Messier, akifuatilia nyotamkia mwaka 1758, aliikuta Nebula ya Kaa ikifanana mno na nyotamkia, na ndiyo aliyoiweka ya kwanza katika orodha yake ya vitu vinavyopotosha macho. Yeye alipotoshwa na nebula yenyewe, mimi nilipotoshwa na mdomo wangu. Tangu siku hiyo hutoa pumzi kando kabla sijainama.

Niliipata Januari, mwezi ukiwa umeandama punde na kutua mapema, kwa lenzi ya milimita 25 niliyopewa bure pamoja na darubini, inayokuza mara 30 tu. Nilianzia nyota ya Zeta Tauri kwenye ncha ya pembe ya kusini ya kundinyota la Ng'ombe, nikasogea digrii moja na kidogo kaskazini-magharibi. Nilikuwa nimejifunika blanketi jeusi kichwani kwa nusu saa ili macho yazoee giza, nikawa nalenga jicho pembeni badala ya kukodolea. Hata hivyo sikuona kitu mpaka nilipoligonga bomba la darubini kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi usiku: picha ikatikisika, na pamoja na nyota likatikisika doa la kijivu, refu kidogo, lisilo na rangi hata chembe. Jicho hutambua upesi kinachocheza kuliko kilichotulia.

Mzee jirani alitazama, akaniuliza, "Mwalimu, mbona ni moshi tu?" Nilimjibu kwamba ni moshi kweli, wa nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi, ambayo Wachina waliiona ikiwaka mchana kwa siku 23 mwaka 1054. Akaomba kutazama tena, safari hii akijifunika blanketi mwenyewe, akakawia humo mpaka baridi ikaanza kunitetemesha.