Miche yangu ya nyanya ilivyorefuka kama nyuzi, na nilivyoiokoa

Kwa kuogopa mvua ya mawe ya Aprili, nilisia nyanya ndani ya stoo ya mabati hapa Bahati, Nakuru. Ilichipuka vizuri mno, nikafurahi. Wiki mbili baadaye miche ilikuwa mirefu, myembamba, imepauka, na yote imeinamia kidirisha kimoja.

Muuzaji wa agroveti akaniambia ina njaa, niiongezee mbolea. Shilingi mia mbili na kitu zikaenda, na siku ya tatu nusu ya trei ilikuwa imelala chini. Ushauri ule unaniuma hadi leo, maana miche haikuwa na njaa. Ilikuwa inatafuta jua.

Shemeji yangu, aliyesomea kilimo Egerton, ndiye aliyenifungua macho. Mche una kitu kinaitwa fitokromu. Mwanga mwekundu wa jua ukikipiga, kinaamka na kuzuia protini zinazolirefusha shina, na homoni ya jiberelini, ambayo nayo hurefusha shina, inapungua. Gizani breki hiyo haipo. Kule kuinama ni kazi ya homoni nyingine, auksini, inayohamia upande wenye kivuli. Seli za upande huo zikarefuka zaidi, shina likapinda.

Basi nikaitoa miche nje, chini ya mparachichi. Nilidhani nimemaliza kazi, kumbe bado. Mwanga ulikuwepo, lakini miche ilizidi kunyoosha shingo! "Shemeji, majani ya mti yanakula ule mwekundu," akaniambia, "yanapitisha mwekundu wa mbali, ambao sisi hatuuoni. Mche ukiupata huo unajua umefunikwa na mwenzake, unakimbilia juu." Kivuli cha jani si sawa na kivuli cha neti, hilo lishike.

Nikasia trei nyingine, safari hii kwenye kichanja mahali pa wazi, neti juu. Kila asubuhi, umande ukishakauka, nilipitisha kiganja juu ya miche mara kumi hivi, polepole, kama upepo. Kutikiswa huko hubadilisha homoni zake, shina likawa fupi na nene. Jirani alinishangaa, kisha akaja kuomba miche.

Ile mirefu iliyobaki sikuitupa. Niliilaza kwenye mfereji, nikafukia shina na kuacha kilele tu. Auksini husaidia shina la nyanya kutoa mizizi popote likigusa udongo wenye unyevu. Baada ya majuma mawili niliufukua mmoja nione: shina lote lilikuwa limejaa mizizi myeupe, kama ndevu.