Ukuta wa Nyuma na Fedha za Wakaazi

Kamati ya wakaazi wa nyumba yetu ya ghorofa tatu, Mji Mkongwe, Zanzibar, imenikabidhi usimamizi wa ukarabati wa ukuta wa nyuma, nami najua kwamba fedha ninayoilinda ni ya wajane na wastaafu waliochanga kidogo kidogo. Fundi wa mwanzo alipiga lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe yaliyojengewa chokaa. Kwa kuwa saruji huzuia unyevu kutoka, maji ya masika yalibaki ndani, lipu ikavimba, na nilipoigonga kwa kidole ikatoa sauti ya kitu kitupu. Tuliibandua yote. Ncha ya boriti moja ya mkoko ilikuwa imeoza, ikisagika mkononi kama unga wa muhogo.

Mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, hivyo kazi kama hii huhitaji kibali, na naona ni haki. Sasa silipi awamu yoyote kabla sijapanda jukwaa la mafundi mwenyewe kukagua kazi pamoja na mjumbe wa kamati.

“Shekhe, kwani huniamini?” aliniuliza fundi mpya.

Nilimjibu kwamba namwamini, lakini fedha hii ni amana ya watu. Wiki hii tunasubiri chokaa tuliyoiroweka iive.